Pembeni kwa Nani?

Maneno niliyoyasema Goma, siku tulipokisoma hadharani kitabu cha nne cha Sifa

Wazazi wangu, wakubwa mliotutangulia, vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha, na ninyi watoto mliojipanga dirishani: jambo yenu nyote. Aksanti sana kwa kuja.

Naanza na swali ambalo si langu. Niliulizwa sokoni Virunga, na kitabu hiki mnachokiona mezani kimetoka ndani ya swali hilo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kimetoka tu. Nilikitembeza mwenyewe, ndani ya kikapu, kama mtu anayeuza mandazi. Mama mmoja muuza maharagwe alinunua kimoja kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa darasa la sita. Majuma matatu baadaye nikapita pale tena, akaniita. "Dada, mtoto amenisomea kitabu chako, jioni kwa jioni, mpaka kimeisha. Nina neno moja. Ule moto Sifa aliousukuma usiingie mjini, aliusukumia wapi?" Nikamjibu mbiombio, kwa furaha ya mtu aliyesomwa: "Pembeni, mama." Akaweka chini kopo la kupimia. "Pembeni kwa nani?"

Yule mama ni wa Buhene.

Kwa wageni ambao hawajamsoma Sifa, nieleze kidogo. Sifa ni msichana wa miaka 17 anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kazi ambayo kwetu huhesabiwa ya wanaume. Anashusha viazi na mkaa kutoka Kibumba. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, volkano yetu, ilipopasuka ubavuni, anagundua kwamba mikono yake inaweza kuhamisha moto. Kitabu cha kwanza kinaishia pale lava inapogeuka. Katika cha pili anapambana na mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayolala kwenye mabonde madogo upande wa magharibi wa mji, inayoua mbuzi kwanza na mtoto anayemfuata mbuzi. Cha tatu kinahusu ziwa letu, Kivu, na gesi iliyozama humo. Wanaojua yaliyotokea Ziwa Nyos, kule Kameruni, mwaka 1986, ambako gesi ilitoka ziwani na watu wapatao 1,700 wakafa kwa usiku mmoja, wanaelewa kwa nini kitabu kile kilinikosesha usingizi. Vitabu vitatu, ushindi mara tatu.

Sasa turudi kwa yule mama. Wengi wenu mlikuwapo usiku ule. Ilikuwa Jumamosi. Mbingu ikawa nyekundu, simu zikaanza kulia nyumba kwa nyumba, watu wakashika njia ya Gisenyi, upande wa Rwanda, na wengine njia ya Sake, godoro kichwani. Lava iliteremka kuelekea mjini, ikafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama. Kulipokucha, sisi wa Himbi, wa Katindo, wa Birere tulipigiana simu tukaambiana: tumepona. Neno hilo lilikuwa kweli kwetu. Wakati tunalisema, watu walikuwa wamekufa, hesabu ya mwisho ikapita 30, na kule Buhene mtu alikuwa anatafuta mahali ulipokuwa mlango wake.

Halafu nikaja mimi na kalamu. Nilichukua ramani ya msiba wao, nikaweka juu yake mkono wa shujaa, nikauita ushindi. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, kisha akaendelea kupima maharagwe, na mimi nikabaki nimesimama na kikapu changu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kujua. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka kumi. Safari ile lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na pembeni palikuwa kwetu. Tulikuwa na nyumba ya mbao Birere. Tulikimbilia Gisenyi, siku ya tatu baba akarudi peke yake kuangalia, akitembea juu ya ganda lililokuwa bado la moto, akatujia na sandali ambazo soli zake zilikuwa zimejikunja kama majani makavu. Alituambia ameijua parsele yetu, kiwanja chetu, kwa ukuta wa jirani, kipande kilichobaki kimesimama. Baadaye tulijenga palepale, juu ya jiwe. Nyumba ya pili iko juu ya ile ya kwanza. Mpaka leo nikilala kwa mama yangu nafikiri juu ya kitanda changu cha utotoni, kiko chini yangu, ndani ya jiwe. Na bado niliandika "pembeni" bila kuuliza ni kwa nani.

Kwa hiyo nilipofika kitabu cha nne nilikuwa na njia mbili.

Njia ya kwanza wasomaji wengi waliniomba, na kijana mmoja alinichorea kabisa: Nyiragongo na Nyamulagira zinalipuka pamoja, na Sifa amesimama katikati, mkono mmoja huku, mwingine kule. Ni picha nzuri, nimeibandika ukutani. Niliandika kurasa 90 za kitabu hicho. Nikaacha. Nieleze kwa nini, maana humu ndani wamo vijana wanaoandika, na ugonjwa huu huwapata wote wenye mfululizo. Kitabu cha kwanza una adui mmoja. Cha pili unamtafuta mkubwa zaidi. Cha tatu mkubwa kuliko huyo. Kufikia cha nne adui wako anaweza kumeza dunia nzima, na msomaji anapiga miayo, kwa sababu ameshajua shujaa atashinda. Waandishi wa Marekani walimleta Superman mwaka 1938. Mwaka 1992 wakamuua, gazeti lile la picha likanunuliwa kama mkate. Mwaka 1993 akarudi. Siwalaumu, wao wana hadithi ya kuuza kila mwezi na ni lazima mtu wao aendelee kuwepo. Ila mtoto wa Goma anajua kwamba aliyekufa harudi mwaka unaofuata. Nikimwandikia kifo cha namna ile, atafunga kitabu.

Njia ya pili ilikuwa kurudi nyuma. Mnaijua daftari ya mwenye butiki, ile yenye mafuta ya kupikia kwenye jalada, ambamo anaandika nani kachukua sukari, nani kachukua sabuni, atalipa lini. Niliketi na vitabu vyangu vitatu kama mwenye butiki anavyoketi na daftari yake mwisho wa mwezi, nikasoma mstari kwa mstari, nikiandika kila nilichokopa kwa msomaji na sijakirudisha. Nilijaza kurasa nne. Mwalimu aliyepotea kitabu cha kwanza, sura ya sita, hakutajwa tena. Mbwa wa Sifa nilimsahau ufukweni. Na kwenye ukurasa wa 112 nikakuta sentensi yangu mwenyewe: "Moto ukahama." Nilikuwa nimeandika ukahama. Sikuandika ukazimika.

Wadogo zangu mnaoandika, hapa niliinuka kwenye kiti. Sheria ya nguvu ya Sifa ilikuwa imelala kwenye kitabu cha kwanza miaka yote hiyo na mimi sikuiona. Joto halifi. Mwalimu wenu wa fizikia amewaambia: linatoka hapa linakwenda pale, lazima lipate pa kukaa. Sifa hajawahi kuzima kitu. Amehamisha. Yule mama alikuwa amenisoma vizuri kuliko nilivyojiandika.

Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu. Alizaliwa Walikale, Mnyanga, na alikuwa na Mwindo, shujaa wa masimulizi ya Wanyanga, kinywani kama wengine walivyo na wimbo wa kanisa. Nataka nikae kidogo juu ya Mwindo, kwa sababu watoto wetu wanajua majina ya mashujaa wa New York, na huyu wa mlima wa pili kutoka hapa hawamjui.

Anaitwa Kabutwa-kenda, yaani kadogo kaliyezaliwa kakatembea palepale. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwakataza wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Alitaka mabinti, alitaka mahari. Mwindo akazaliwa akicheka, anasema, anatembea, usinga mkononi. Baba akamrushia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, ngoma ikamfikisha kwa shangazi yake Iyangura. Akamwandama baba yake mpaka chini ya ardhi, kwa Muisa, akamrudisha nyumbani akiwa hai, wakagawana utawala.

Hapo ndipo wengi tulikuwa tumeshalala. Bibi alijua tumelala, na alikuwa anaendelea. Mwaka 1956 mtambaji wa Kinyanga aitwaye Rureke alimtolea mtafiti masimulizi haya, yale ambayo wenyewe huyaita karisi, kwa siku 12. Hakuishia kwenye ushindi. Aliendelea mpaka pale ambapo leo tungepaita kitabu cha pili, na ni hapo Mwindo anapokuwa mtu.

Ni hivi. Mwindo sasa ni chifu, ana kila kitu. Anatamani nyama ya nguruwe wa porini. Anawatuma Wambuti wawinde, wanakutana na Kirimu, joka la msituni, linawameza watatu, mmoja anatoroka na kuleta habari. Mwindo anakwenda, analiua. Watu wanalikata, nyama inapikwa, waliomezwa wanatoka wazima, furaha ni kubwa. Kitabu cha kwanza kingeishia hapa. Lakini Kirimu alikuwa na rafiki. Rafiki yake ni Nkuba, Radi. Na Nkuba ni rafiki wa Mwindo pia, ndiye aliyempigania dhidi ya baba yake! Harufu ya joka linalochomwa inapanda mpaka kwa Nkuba. Anashuka, anamchukua Mwindo juu, na kule anakaa mwaka mzima. Mvua inampiga. Mwezi unamuunguza. Jua linamuunguza. Anaambiwa asijivune tena, na asiguse tena mnyama wa msituni wala wa kijijini kwa kumuua. Anarudi duniani akiwa ametulia, anawapa watu wake sheria za kuishi pamoja.

Nikiwa mtoto niliona ni uonevu. Amewaokoa watu wake, anaadhibiwa kwa lipi? Leo naelewa kwamba mtambaji alikuwa anauliza swali lilelile la sokoni Virunga. Joka lilikuwa pembeni. Pembeni kwa nani? Kwa Nkuba.

Sasa niseme lile ambalo najua mnalisubiri, hasa ninyi watoto, kwa sababu barua nyingi zinazonifikia ni juu yake. Kwa nini Sifa hasimamishi vita? Ana mikono ya kugeuza mlima, kwa nini haigeuzi risasi?

Mtoto mmoja aliniuliza hivyo uso kwa uso, miaka ile kambi za waliokimbia vita zilipojaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Alikuwa na kitabu changu cha pili, kimechakaa, kurasa za mwanzo hazipo. Nilimwahidi nitafikiri. Nimefikiri, na jibu langu ni hili. Mlima hauna anayeutuma. Vita vina wanaovituma, wana majina na vyeo, na wako watu wanaopaswa kuwajibu na kuwahukumu. Nikimwandika Sifa anyooshe mkono risasi zianguke kama mvua ya mawe, nitakuwa nimemwambia mtoto yule kwamba baba yake hakurudi kwa sababu usiku ule shujaa alichelewa. Siwezi kumwambia hivyo. Kalamu yangu haitafanya hivyo hata mkiniomba miaka kumi.

Lakini sikutaka Sifa aipite kambi kama haoni. Hapo nikahitaji kwenda mwenyewe, nikaangalie. Na nilichokiona, ninyi mnaoishi hapa mnakijua: watu walikuwa wamepiga hema juu ya lava. Jiwe tupu, jeusi, kali kama wembe. Huchimbi. Ukitaka shimo la choo, jembe linarudi limepinda. Vyoo viliinuliwa juu ya mbao, vilijaa upesi, mvua ikinyesha vilimwagika, na mwaka 2023 kipindupindu kiliwaingia. Nilimwona mama mmoja amesimama mbele ya jiwe na chepe, na hakuwa akichimba. Alikuwa anatazama tu.

Basi katika kitabu cha nne shujaa wetu anachimba vyoo.

Nimesikia mguno kule nyuma. Nisikilizeni. Ni sura nne nzima, na sijawahi kuandika sura kwa mapenzi kama hizo. Sifa analiwekea jiwe mikono mpaka linawaka. Wanawake wamepanga bidoni za maji ya ziwa. Jiwe likishaiva wanamwaga maji kwa pamoja, linapasuka kwa mlio, wanaume wanaingia na nyundo. Wachimbaji wa zamani walipasua mwamba hivyohivyo, kwa kuni na maji, sikubuni kitu. Nilichobuni ni bei yake. Joto halifi, tumeshakubaliana, basi halizaliwi pia. Usiku ule wa 2021 alikuwa na mlima mzima wa kuchukulia. Kambini hana mlima. Joto la kila shimo linatoka mwilini mwake. Shimo la kwanza anahisi baridi vidoleni. La tano anavaa makoti mawili saa sita mchana. La kumi na moja meno yanagongana hata hawezi kusema, na foleni ya hema bado haijafika nusu.

Hapo kuna swali ambalo sikulijua kabla sijaliandika: mtu anayeweza kusaidia, asimame wapi? Anaambiwa pumzika na wanaompenda. Anaambiwa endelea na wanaoharisha. Wote wana haki. Niliandika sura ile mara saba.

Mapigano yako machache, niwaambie mapema wale waliozoea. Yuko adui, na sitamtaja hapa, ila anatoka kitabu cha kwanza, sura ya sita. Waliosoma wanajua nani alipotea mle. Mbwa nimemrudisha. Nimelipa nilivyoweza.

Deni moja nililiacha mpaka mwisho kwa makusudi. Sifa anapanda Buhene kwa miguu, na chukudu yake, kwenye sura ya mwisho. Niliandika ile sura nikiwa nimekaa palepale, juu ya jiwe, siku tatu mfululizo, nikisikia wanawake wanaogonga kokoto za kuuza kwa wajenzi. Nilimsomea kwanza yule mama wa maharagwe, kabla ya mtu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia neno moja nibadilishe. Nimelibadilisha. Yuko humu ndani leo, na ameniomba nisimwonyeshe kwa kidole, sitamwonyesha.

Niwasomee ukurasa huo, kisha nikae.

"Sifa aliegemeza chukudu kwenye ukuta usio na nyumba. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, kokoto zimepanda mpaka magotini. Hakuinua kichwa.

'Shikamoo, mama.'

'Marahaba. Ukitaka kokoto, ngojea nimalize hili rundo.'

'Sikuja kununua.' Midomo yake ilikuwa ya buluu kwa baridi, na jua lilikuwa la mchana. 'Usiku ule, moto ulipokuja. Ni mimi niliyeugeuza. Niliutuma huku.'

Nyundo ilisimama. Kwa mbali, juu yao, mlima ulikuwa unatoa moshi mweupe, taratibu, kama mtu anayepika. Mwanamke alimtazama kuanzia miguuni, akafika kwenye mikono, akabaki hapo.

'Hapa palikuwa na vitanda vitatu,' alisema.

'Ndiyo, mama.'

'Na parachichi.'

'Ndiyo.'

Akasogea juu ya gunia, nusu yake ikabaki wazi.

'Nyundo ya pili iko nyuma yako.'"